Jina na Kiasi: Mjadala juu ya Fedha Walizolipwa Wakulima wa Marekani Wakati wa Korona

Katika miezi ya Machi na Aprili ya mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga shule, hoteli na mikahawa ya Marekani kwa muda wa wiki chache tu, mkulima wa nchi ile, aliyezoea neema ya soko lisilokatika, alijikuta ana maziwa yasiyo na mnunuzi na nguruwe wasio na mchinjaji. Dairy Farmers of America, chama kikubwa cha ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kilikadiria kwamba mwanzoni mwa Aprili huenda galoni milioni 3.7 za maziwa zilikuwa zikimwagwa kila siku, wala si kwa sababu nchi ilikuwa imeshiba, maana foleni za waomba chakula zilikuwa zikirefuka mijini siku zile zile, bali kwa sababu mitambo iliyowekwa kujaza pakiti za watoto wa shule haikuweza kugeuzwa kwa usiku mmoja ikajaza vyombo vya jikoni. Tarehe 12 Aprili kampuni ya Smithfield ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha nguruwe cha Sioux Falls, katika jimbo la South Dakota, baada ya maradhi kuenea miongoni mwa wafanyakazi. Na siku tano baadaye, tarehe 17, Rais Donald Trump na Waziri wake wa Kilimo, Sonny Perdue, walitangaza msaada wa dola bilioni 19, bilioni 16 kati ya hizo zikiwa za kulipwa wakulima moja kwa moja, na bilioni 3 za kununulia vyakula vya kugawiwa wahitaji.

Ile ilikuwa awamu ya kwanza. Mwezi Septemba ilitangazwa ya pili, ya kiasi kisichozidi dola bilioni 14, na wakaguzi wa Bunge walipokuja kuzijumlisha hesabu za mwaka 2020 na 2021 walikuta kwamba takribani dola bilioni 31 zilikuwa zimetoka katika hazina na kuingia mikononi mwa wakulima kwa mpango huu mmoja. Ukichanganya na ruzuku nyingine zote, mwaka 2020 peke yake serikali ya Marekani iliwalipa wakulima wake zaidi ya dola bilioni 45, kiasi kisichopata kufikiwa katika mwaka wowote uliotangulia.

Fedha nyingi kiasi hicho, zilizotolewa kwa haraka kiasi kile, huzaa swali ambalo halikuanza na korona wala halitakwisha nayo: je, raia aliyetozwa kodi ana haki ya kujua ni nani aliyelipwa, na kiasi gani? Nimezipitia hoja za pande zote, nami nimeona njia ya insafu ni kuwaketisha watu wanne barazani, kila mmoja aseme kwa ulimi wake: Mwenye Shamba, ambaye ni mtu mzima aliyelipwa, Mdai Hesabu, kijana wa kazi ya habari, Karani wa kaunti, aliyepokea maombi, na Wakili, aijuaye sheria. Sikuwapa majina, kwa kuwa kila mmoja wao amesimama badala ya wengi, na mimi nitaingia kati pale tu nitakapoona neno la mmoja wao linahitaji kupimwa.

MWENYE SHAMBA: Nianze mimi, kwa sababu ni jina langu linalotakwa. Mimi sikuomba maradhi haya, wala sikuifunga mikahawa. Serikali ndiyo iliyoamuru watu wakae majumbani, nami sikuilaumu, kwa kuwa uhai ni bora kuliko mali. Lakini amri ile ilipoua soko langu, fidia niliyolipwa haikuwa sadaka, ilikuwa haki yangu. Sasa mwanangu huyu anataka haki yangu ibandikwe hadharani kana kwamba ni deni au hatia. Nawaomba mkumbuke jambo moja ambalo watu wa mjini hulisahau. Mwenye duka ana duka lake na ana nyumba yake, na anwani ya moja si anwani ya nyingine. Lakini mimi shamba langu ndiyo nyumba yangu, na anayejua lilipo zizi langu anajua walipolala wajukuu zangu. Mwaka 2013 idara ya serikali inayohusika na mazingira iliwapa vyama vya utetezi habari za wafugaji, pamoja na majina yao, makazi yao na namba zao za simu, na ilichukua mpaka Septemba 2016 mahakama ya rufani ya mzunguko wa nane kutamka kwamba ile ilikuwa ni kuvunja faragha ya watu. Basi msiniambie kwamba hofu yangu ni njozi. Imekwisha kuthibitishwa na mahakimu.

MDAI HESABU: Mzee wangu, nimekusikia, na katika hilo la makazi na namba za simu sina ugomvi nawe hata kidogo, hukumu ile naiheshimu na laiti isingalihitajika. Lakini tazama ninachokiomba. Siombi kujua zizi lako liko upande gani wa mto, wala una nguruwe wangapi, wala mbegu yako umeinunua wapi. Naomba mambo mawili: jina la aliyelipwa na kiasi alicholipwa. Fedha zile kabla hazijawa zako zilikuwa zangu, na za muuguzi, na za dereva wa lori, na za yule mchinjaji wa Sioux Falls aliyeugua akiwa kazini. Sote tulizikusanya katika hazina moja. Mwenye kutoa amana akiuliza imekwenda wapi hamtukani aliyeipokea.

Wala jambo hili si bidaa. Mwaka 1996 gazeti la Washington Post lilikwenda mahakamani kudai majina ya waliopokea ruzuku ya pamba, na jaji akaamuru yatolewe. Tangu mwaka 2001 taasisi ya Environmental Working Group imekuwa ikiyaweka majina na malipo ya ruzuku za kilimo mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma, na mashamba ya Marekani hayakuanguka kwa ajili hiyo. Kilichoanguka ni ile dhana kwamba ruzuku zote huenda kwa mkulima mdogo mwenye trekta moja.

KARANI: Kabla hamjaendelea, mabwana, niruhusuni niwaeleze fedha zenyewe zilivyolipwa, kwa sababu nasikia watu wengi wakizijadili bila kujua fomu ilikuwa na nini. Maombi ya awamu ya kwanza yalifunguliwa tarehe 26 Mei 2020. Ofisi zetu za kaunti zilikuwa zimefungwa kwa wageni, kwa hiyo kazi aghalabu ilifanyika kwa simu na kwa karatasi zilizoletwa na posta au mtandao. Fomu yenyewe iliitwa AD-3114. Mfugaji aliandika: niliuza ng'ombe kadhaa walionona kati ya tarehe 15 Januari na tarehe 15 Aprili, nasi tukazidisha idadi ile kwa dola 214. Akaandika: nilikuwa na ng'ombe kadhaa zizini baadaye, kati ya katikati ya Aprili na katikati ya Mei, tukazidisha kwa dola 33. Mahindi yalikuwa na hesabu yake, maziwa hesabu yake, nguruwe vivyo hivyo kwa uzito wao. Kisha akatia sahihi kwamba ayasemayo ni kweli.

WAKILI: Na hati za ushahidi, Bwana Karani? Stakabadhi za mauzo, daftari la mifugo?

KARANI: Aliambiwa azihifadhi, azilete akitakiwa. Hakulazimika kuziambatisha.

MDAI HESABU: Yaani fedha zililipwa kwa neno la mlipwaji mwenyewe.

KARANI: Kwa neno lake na sahihi yake, naam, na kwa adhabu ya sheria iwapo atasema uongo. Msinihukumu kwa pupa. Ungekuwa wewe na mtu amekupigia simu akieleza kwamba nguruwe zake wamekwisha kuzidi uzito wa kuchinjwa na kiwanda kimefungwa, na chakula chao kimebaki cha siku chache, ungemwambia asubiri mpaka umhesabie mifugo yake mmoja mmoja? Haraka ile ilikuwa na huruma ndani yake. Lakini sitaficha lililotokea baadaye. Mwezi Septemba 2022, Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, ambayo ndiyo inayokagua hesabu kwa niaba ya Bunge, ilitoa taarifa yake baada ya kuchagua wakulima 90 na kuwataka ushahidi. Zaidi ya nusu yao hawakuweza kuonyesha hati za kutosha kwa malipo yote waliyopokea. Sisemi waliiba. Huenda wengine walikosea kuhesabu, na wengine walipoteza karatasi. Nasema tu kwamba wakaguzi wa serikali walikuwa na muda wa kuwachungulia wachache, na waliobaki walikuwa mamia ya maelfu.

Hapa naingia kati mara ya kwanza. Maneno haya ya Karani, ambayo yeye ameyasema kwa upole, ndiyo mhimili wa jambo zima kwa maoni yangu. Serikali inapolipa baada ya kukagua, uwazi ni pambo jema. Lakini inapolipa kwanza kwa kiapo cha mlipwaji na kuahirisha ukaguzi, basi uwazi unageuka kuwa ndio ukaguzi wenyewe, maana hakuna mkaguzi wa Washington ajuaye kwamba fulani aliuza ng'ombe zake wote mwaka juzi, ilhali kijiji kizima kinajua. Wahenga waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari hawakusema daftari lifungiwe sandukuni.

MWENYE SHAMBA: Sawa, lakini huyo jirani unayemtaka awe mkaguzi ndiye ninayemhofia. Mwanangu, wewe hujapata kuishi mahali ambapo watu wote wanaonunua mbolea wananunua katika duka moja na kusali katika kanisa moja. Ukiandika kwamba nimelipwa dola elfu sitini, hakuna atakayeandika kwamba nilipata hasara ya dola laki moja na nusu. Watu watasoma namba moja na kuikosa ya pili. Na si maneno ya watu tu. Katika nchi yetu takribani ekari mbili kati ya kila tano zinalimwa kwa kukodi. Mwenye ardhi yangu akisoma kwamba nimepokea fedha, mwaka ujao atanipandishia kodi ya shamba, na ile fidia iliyokusudiwa kuniokoa itaishia mfukoni mwake. Mwenye kuninunulia mazao naye atajua kwamba nina pa kuegemea, atanibana bei. Hii siyo fedheha peke yake. Hii ni hasara ya biashara.

Hoja ya kodi ya ardhi ni nzito, wala sikumsikia Mdai Hesabu akiijibu kwa ukamilifu. Jibu alilotoa lilikuwa fupi: kwamba wenye ardhi hawahitaji kusoma majina ili wajue kwamba serikali inalipa, kwa sababu viwango vya malipo kwa kila kibaba na kila mnyama vilitangazwa kwa nchi nzima, na mtu yeyote aijuaye idadi ya ekari anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Hilo ni kweli kwa kiasi chake. Walakini kukisia si sawa na kusoma, na namwachia Mwenye Shamba ushindi mdogo hapo.

WAKILI: Niwasaidieni kwa upande wa sheria, maana naona mnazunguka kana kwamba jambo hili halijapata kuamuliwa. Sheria ya Uhuru wa Habari ilitiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson tarehe 4 Julai 1966, nayo inampa kila mtu haki ya kuomba kumbukumbu za serikali, isipokuwa zile zilizotengwa kwa sababu maalumu, na miongoni mwa sababu hizo ni faragha ya mtu na siri ya biashara. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ya Washington iliamua kwamba takwimu fulani za mashamba na ramani zake zitolewe kwa kampuni iliyoziomba. Wakulima walipiga kelele, na Bunge mwaka ule ule, kwa kifungu cha 1619 cha sheria ya kilimo, likaufunga mlango huo: habari ambazo mkulima anaipa Wizara juu ya shughuli zake na ardhi yake zisitolewe. Lakini, na hapa nataka Mwenye Shamba anisikilize vizuri, kifungu hicho hicho kiliacha wazi kwa makusudi habari za malipo, kiasi kilicholipwa pamoja na majina na anwani za waliolipwa. Kwa hiyo Bunge lilipima mizani ya faragha na ya uwazi, na likaamua kwamba shamba ni lako, ila malipo ni ya wote kuyajua.

MDAI HESABU: Mashallah. Basi hoja imekwisha.

WAKILI: Haijakwisha, kijana. Sheria moja hutoa na nyingine hunyima. Serikali ya Marekani hulipa vilevile sehemu kubwa ya ada ya bima ya mazao, kwa wastani takribani senti 60 katika kila dola ya ada ile, na sheria ya bima ya mazao inakataza majina ya wanaofaidika yasitolewe. Mkulima mmoja, katika kaunti moja na msimu mmoja, anaweza kupokea fedha mbili za hazina ile ile. Moja jina lake likasomwa na dunia nzima, na nyingine ikafichwa kama siri ya mgonjwa na tabibu wake. Mimi nimeitafuta hikima iliyotenganisha hizo mbili, sikuiona. Na mwaka 2019, tarehe 24 Juni, Mahakama Kuu kabisa ya nchi iliamua kesi ya gazeti la Argus Leader, ambalo kwa nasibu ni la mji ule ule wa Sioux Falls. Gazeti lilikuwa limeomba tangu mwaka 2011 kujua kila duka linapokea kiasi gani kutokana na msaada wa chakula wa maskini. Majaji sita dhidi ya watatu walisema kwamba kile ambacho mfanyabiashara kwa desturi hukifanya siri, na akakipa serikali kwa ahadi ya siri, kinaweza kubaki siri. Hukumu hiyo ilikuwa bado mbichi korona ilipoingia, na waliotaka kuficha waliikimbilia.

Na walijaribu kweli kuficha, ingawa si katika mpango wa mashamba hasa, bali katika mpango uliozaliwa pamoja nao. Sheria ya tarehe 27 Machi 2020 ilianzisha pia mikopo ya kuwalipia wafanyakazi mishahara, ambayo ilisamehewa kwa mwenye kutimiza masharti, na wakulima waliruhusiwa kuiomba kama wafanyabiashara wengine. Tarehe 10 Juni, Waziri wa Fedha, Steven Mnuchin, aliwaeleza maseneta kwamba majina na viwango vya mikopo hiyo ni habari za siri. Makelele yakawa makubwa. Tarehe 6 Julai serikali ikatoa majina ya waliokopa dola 150,000 na zaidi, bila kiasi kamili, na ikawaficha walio chini ya hapo, ambao ndio waliokuwa wengi mno. Magazeti na mashirika ya habari yakaenda mahakamani; jaji James Boasberg akaamua mwezi Novemba kwamba umma una haki ya kuyajua yote; na tarehe 1 Desemba 2020 daftari zima likafunguliwa. Nimemwomba Mdai Hesabu aeleze kilichoonekana ndani yake, kwa sababu hapa yeye anajua kuliko mimi.

MDAI HESABU: Kilichoonekana ni mashamba ambayo hayakupata kuwako. Waandishi wa ProPublica walilisoma daftari lile mstari kwa mstari, na mwezi Mei 2021 walitangaza kwamba wamekuta mikopo midogo 378, jumla yake dola milioni 7, iliyopewa biashara za uongo kupitia mkopeshaji mmoja wa mtandaoni, na nyingi katika hizo zilijiita mashamba. Kulikuwa na bustani za michungwa katika jimbo la Minnesota, ambako ardhi hugandamana kwa barafu miezi kadhaa ya mwaka. Kulikuwa na shamba la ngano na shamba la njugu katika kaunti ya Ocean, New Jersey, penye fukwe za kupunga upepo na nyumba za likizo, na mawili hayo kila moja lilipewa dola 20,833. Kwa nini namba hiyo? Chukua dola 100,000, ambayo ndiyo mapato ya juu kabisa yaliyohesabiwa kwa mtu anayejiajiri mwenyewe. Gawa kwa miezi 12. Zidisha kwa miezi miwili na nusu. Hiyo ndiyo dari, na walaghai waliigusa dari. Kulikuwa na ranchi ya ng'ombe iliyoandikishwa kwa anwani ya nyumba ya meya wa mji wa pwani, naye hakuwa na habari nayo. Waandishi walipobisha hodi katika anwani zile, wenye nyumba walishangaa kuambiwa kwamba wao ni wakulima.

Angalia, mzee wangu: mikopo ile yote ilikuwa midogo. Lau serikali ingalibaki na ule mpaka wake wa dola 150,000, hakuna hata mmoja wa wale walaghai ambaye angalionekana katika daftari. Waliotakiwa kusitiriwa kwa kuwa ni wadogo walisitiri nyuma yao wezi.

MWENYE SHAMBA: Wale walikuwa wezi, si wakulima. Unataka nifungwe kwa ajili ya mwizi aliyevaa kofia yangu?

MDAI HESABU: Nataka ujulikane ili mwizi asiweze kuivaa. Wewe mkulima wa kweli ndiye mwenye hasara kubwa zaidi kuliko mimi mlipa kodi, maana siku raia watakapoamini kwamba kila fidia ya kilimo ni hila, hawatakubali tena ulipwe, hata kiwanda kikifungwa mara kumi.

KARANI: Na mimi niongeze jambo ambalo limenikaa moyoni miaka mingi. Kamati za kaunti zinazosimamia ofisi zetu huchaguliwa na wakulima wenyewe, na katika majimbo ya kusini, kwa vizazi kadhaa, mkulima mweusi alifika dirishani akakuta mkopo umechelewa mpaka msimu wa kupanda umepita. Serikali ilikubali suluhu ya kesi ya Pigford mwaka 1999 kwa sababu ya madhila hayo. Fedha za korona zilipogawiwa, Waziri wa Kilimo wa serikali iliyofuata, Tom Vilsack, alisema mwezi Machi 2021 kwamba katika takribani dola bilioni 26 zilizokuwa zimelipwa, wakulima weusi walipata dola milioni 20.8 tu. Hiyo ni sehemu moja katika elfu, na wao ni zaidi ya mkulima mmoja katika mia. Sehemu ya sababu iko katika hesabu niliyowaeleza: malipo yalifuata idadi ya mifugo na wingi wa mazao, na aliyenyimwa ardhi na mikopo tangu enzi za babu yake hana mifugo mingi ya kuzidisha kwa dola 214. Hapakuwa na karani aliyesema nao vibaya kwenye simu, huenda. Lakini kanuni iliyo sawa kwa wote ilitoa matokeo yasiyo sawa. Nani angaliliona hilo kama hesabu zisingalifunguliwa?

Kwa muda kidogo baraza likanyamaza, na Mwenye Shamba mwenyewe ndiye aliyeuvunja ukimya.

MWENYE SHAMBA: Hilo silibishi. Lakini basi nataka uwazi wenu uwafikie na wakubwa. Mtu kama mimi jina langu ni jina langu, likiandikwa nimeandikwa. Jirani yangu mwenye ekari elfu kumi hana jina. Ana kampuni, na kampuni ina kampuni nyingine nyuma yake. Katika orodha mtaniona mimi uchi, yeye mtaona joho lake.

WAKILI: Umesema kweli tupu, na kanuni zenyewe zilimpa kitambaa cha joho hilo. Mtu mmoja hakuweza kulipwa zaidi ya dola 250,000 katika awamu ya kwanza ya fidia. Lakini kampuni iliweza kufika dola 750,000 ikiwa na wanahisa watatu, mradi kila mmoja ametoa saa 400 za kazi au za usimamizi. Usimamizi ni neno pana. Saa 400 za mtu kukamua ng'ombe alfajiri na saa 400 za mtu kushika simu akiwa mjini huandikwa kwa tarakimu zile zile. Na mwenye kusoma orodha hukuta jina la ubia tu, asijue ni binadamu gani aliyezifaidi fedha.

Kuna mfano wa ng'ambo ambao Wakili aliutaja mwishoni, nami nautaja kwa kuwa nauona una mafunzo kuliko yote. Umoja wa Ulaya nao huwalipa wakulima wake fedha nyingi mno, na ulikuwa ukiwatangaza wote kwa majina. Wakulima wa jimbo la Hessen, Ujerumani, walishtaki, na tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikawapa ushindi: kuwatangaza watu binafsi wote bila kupambanua kiasi walichopata wala muda waliopokea kulipita kadiri. Kwa makampuni, mahakama haikuona dhuluma hiyo. Watu wa siri walisherehekea. Lakini mwaka 2013 Ulaya ilitunga kanuni mpya, ikarudisha majina yote pamoja na mji na kiasi, ila aliyepokea fedha kidogo, zisizozidi euro 1,250, akafichwa jina lake. Mahakama ilidai kupimwa, na watunga sheria wakapima. Maskini wa fungu dogo akapata sitara yake, na mwenye fungu kubwa akabaki na hesabu yake mbele ya watu.

Sasa natoa rai yangu, kwa kuwa si uungwana kuwaketisha watu wanne kubishana kisha mwenyewe nikaondoka bila kusema nasimama wapi. Nasimama na Mdai Hesabu katika asili ya jambo, na Mwenye Shamba katika mipaka yake. Jina litangazwe, na kiasi, na kaunti, na mpango uliolipa. Anwani ya nyumba, namba ya simu na ramani ya zizi zibaki kwa mwenyewe, kwa kuwa hazimsaidii mkaguzi wa haki na humsaidia mdhalimu. Fungu dogo kabisa lisitiriwe, kwa mpaka wa chini sana, si ule wa dola 150,000 uliowahifadhi wenye mashamba ya hewa. Kampuni inayolipwa itajwe pamoja na watu walio nyuma yake, kila mmoja na sehemu yake, kwa maana ni dhuluma ya wazi kumwanika mkulima wa ekari hamsini na kumfunika wa ekari elfu kumi. Na hesabu za rangi, za ukubwa wa mashamba na za majimbo zitolewe na serikali yenyewe, kila mwaka, bila kungoja mwandishi aende mahakamani.

Hofu ya maneno ya majirani naihurumia kwa dhati, lakini siikubali iwe hoja ya sheria. Kulipwa fidia katika msiba ulioletwa na maradhi si aibu, na njia ya kuiondoa fedheha ni wizara kutangaza hasara pamoja na malipo, ili ile namba ya pili aliyoilalamikia Mwenye Shamba isomwe kando ya ile ya kwanza. Hilo linawezekana kwa wizara iliyoweza kuzidisha ng'ombe wa nchi nzima kwa dola 214 na kuwalipa wenyewe kwa muda wa miezi michache.

Kuhusu ile sheria ya bima ya mazao inayofunika majina ya wanaolipiwa ada na hazina, hukumu yangu ni kwamba ifutwe. Hakuna aliyeleta barazani, wala sijasoma popote, sababu inayotosha ya kumwonyesha raia fedha za mkono mmoja na kumficha za mkono wa pili, zote zikiwa zimetoka katika kodi yake.